Zebaki na Watoto wa Machimbo

Huenda mkufu ulio shingoni mwa binti yako ulitoka kwa wachimbaji wadogo, kama wale wa Bariadi, mkoani Simiyu. Wengi wa wachimbaji wadogo nchini hushikiza chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma donge lile hata zebaki ikapaa. Mvuke wake hauna harufu. Mtoto aliye karibu huuvuta, ukamfika ubongoni na katika mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, na akili huwa nzito kushika masomo.

Jambo hili lina historia. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini tangu 1932 hadi 1968, samaki wakaibeba, watu wakala. Mwaka 1956 wagonjwa wa mwanzo kutangazwa walikuwa dada wawili, watoto wadogo. La ajabu zaidi, mama aliyeonekana mzima alizaa mtoto aliyepooza, kwani sumu ilikwenda kwa aliye tumboni!

Mkataba wa Minamata ulipitishwa 2013, na Tanzania ikauridhia 2020. Unataka zebaki isichomwe tena ovyo, wala kwenye makazi ya watu. Chombo cha chuma kilichofunikwa hunasa mvuke huo na kumrudishia mchimbaji zebaki yake.