Timu ya Kiungani

Timu ya Kiungani ilikuwa timu ya kandanda ya wanafunzi wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, njia ya kwendea Mbweni. Ni miongoni mwa timu za mwanzo za Waafrika katika pwani yote ya Uswahilini. Ilicheza tangu enzi za Malkia Victoria, miongo kadhaa kabla ya kuundwa kwa Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Haikuwa klabu yenye katiba wala ada ya uanachama, bali timu ya shule, na shule ilipohama timu nayo ikaisha.

Chuo kilikuwa cha misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyozaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857. Askofu William Tozer na Edward Steere walihamishia misheni hiyo Zanzibar mwaka 1864. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano walionaswa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwao na Sultani Majid. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879.

Ili kuwaelewa wachezaji hawa ni lazima kuitazama pwani ya kusini, na hasa delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Wilaya ya Kibiti. Watumwa kutoka nchi za Wayao, Wamakua na watu wa Ziwa Nyasa walishushwa Kilwa Kivinje, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Majahazi hayo yalipita kati ya Mafia na mikoko ya delta, huku manowari za Kiingereza zikiyawinda. Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini, wafanyabiashara waligeukia nchi kavu: kutoka Kilwa, kuvuka Mto Rufiji, kupita nyuma ya Dar es Salaam hadi Pangani. Ofisa wa Kiingereza Frederic Elton aliifuata njia hiyo kuanzia Desemba 1873, na katika muda wa mwezi mmoja alihesabu watu zaidi ya 4,000 wakiswagwa kuelekea kaskazini. Ni mwaka 1876 tu ambapo Barghash alipiga marufuku misafara ya bara pia.

Watoto waliookolewa baharini waligawiwa misheni mbalimbali, na wavulana wengi wa UMCA waliishia Kiungani. Mwaka 1887 A. C. Madan, aliyekuja kujulikana kwa kamusi zake za Kiswahili, alichapisha kitabu kiitwacho Kiungani, chenye masimulizi ya wanafunzi wenyewe: kijiji alikotoka mtoto, vita au njaa iliyompokonya wazazi, mikono aliyopitia akiuzwa na kuuzwa tena hadi pwani. Anayetaka kuwajua waliokuwa wakiukimbilia mpira katika uwanja ule asome kitabu hicho kwanza. Walikuwa watoto wasio na ukoo kisiwani na wasio na lugha moja ya mama. Kiswahili walijifunza pamoja, na kandanda vilevile.

Mchezo wenyewe ulikuwa bado mchanga hata kwa Waingereza. Chama cha soka cha Uingereza kiliundwa London mwaka 1863, na fainali ya kwanza ya Kombe la FA ilichezwa mwaka 1872, ambapo Wanderers waliifunga Royal Engineers 1-0. Walimu wengi wa UMCA walitoka katika shule na vyuo vilevile vilivyoulea mchezo huo. Waliona kwamba mpira unajenga mwili na kufundisha utii, kwa hiyo wakauingiza katika ratiba ya siku pamoja na sala, masomo na kazi za mikono. Wavulana walicheza pekupeku, kwa mpira wa ngozi uliofungwa kwa kamba. Haimchukui mtoto muda mrefu kujua kwamba uwanjani hakuna anayeulizwa aliuzwa kwa nani, na naamini hilo liliwavutia kuliko nidhamu waliyokusudia mapadri.

Waliohitimu Kiungani walitumwa kuwa walimu Magila huko Usambara, Masasi na kwingineko, na mpira ulisafiri nao. Hivyo bara iliupokea mchezo huu mikononi mwa Waafrika, na si Wazungu peke yao. Delta ya Rufiji haikupata shule ya UMCA ya aina hiyo. Wakazi wake wengi walikuwa Waislamu, na nguvu za misheni zilielekezwa Usambara, Ruvuma na Nyasa.

Mwaka 1925 chuo kilihamia Minaki, Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani wa leo. Kisiwani, kandanda ilishikwa na timu za mitaa ya Ng'ambo na viwanja vya Mnazi Mmoja. Vitabu vya historia ya soka nchini huanzia Kariakoo na Jangwani, kwa Simba na Yanga. Anayeandika kingine aanzie Kiungani, na awataje watoto wa majahazi kuwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza.