Momade: jina la Mtume lililopita chini ya kalamu ya karani wa Kireno

Macaloe ni kisiwa kidogo katika safu ya visiwa vya Kirimba, kaskazini mwa Msumbiji, kati ya Mocímboa da Praia na Ibo. Wavuvi hupiga dago katika visiwa hivi msimu unapokuwa mzuri: Wamwani wenyeji wa pwani hii, watu wa Nampula waliopanda na upepo wa kusini, na wengine waliovuka mdomo wa Ruvuma kutoka upande wa Tanzania. Chungu ni kimoja, lugha zinasikilizana, na majina ni yale yale. Mtu akiita “Madi!” kutoka kwenye mashua, huenda wakageuka wawili. Tofauti hujitokeza siku vinapotakiwa vitambulisho. Wa Mtwara ameandikwa Mohamedi. Wa Macaloe ameandikwa Momade.

Muhammad ni miongoni mwa majina ya watu yaliyoenea zaidi ulimwenguni. Mwaka 2023 lilishika nafasi ya kwanza kati ya majina ya wavulana waliozaliwa Uingereza na Wales, likiwa limepewa watoto 4,661 kwa tahajia hiyo moja tu. Waturuki husema Mehmet, Wasomali huandika Maxamed, Wasenegali Mamadou, Wagambia Momodou. Katika ukoo huo mkubwa, Momade ni mtoto wa pembeni. Kwao ni Msumbiji, hasa pwani ya kaskazini kuanzia Angoche hadi Ruvuma, na nje ya hapo halikutwi sana isipokuwa pale walikohamia Wamsumbiji wenyewe, kama Lisbon. Ni tawi adimu la jina lisilo adimu hata kidogo.

Wengi wakiliona kwa mara ya kwanza hudhani ni Muhammad aliyeharibiwa na Wareno. Historia ya pwani hii inaonyesha vingine.

Majina ya Kiislamu yalikuwapo hapa kabla ya meli yoyote ya Ulaya. Vasco da Gama alipotia nanga kwenye Kisiwa cha Msumbiji mwezi Machi 1498, alikuta mji wa wafanyabiashara Waislamu. Masimulizi yanamtaja mkubwa wa mji huo kuwa Musa bin Biki, na ndiye anayesemekana kuipa nchi nzima jina lake. Chuo kikuu kilichoanzishwa Nampula mwaka 1998 kinamuenzi kwa tahajia ya Kireno: Mussa Bin Bique. Miaka saba baada ya da Gama kupita, Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kumtawaza Muhammad Ankoni, ambaye hakumaliza hata miaka miwili kabla ya kuuawa.

Kwa karne nyingi baada ya hapo, watu wa pwani waliendelea kujiandika wenyewe, kwa herufi za Kiarabu. Nyaraka za Kihistoria za Msumbiji, mjini Maputo, zimehifadhi barua za karne ya 19 ambazo masheikh, masultani na machifu wa kaskazini waliwaandikia maofisa wa Kireno. Lugha ni Kiswahili, herufi ni za Kiarabu. Wanahistoria Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamezichambua kwa kina. Humo yumo Bwana Shaki bin Abdulatifu wa Quissanga, ng’ambo ya Ibo, na yumo Nunu Fatima binti Zakaria, mwanamke aliyetawala upande wa Mogincual. Wareno walilazimika kuajiri wakalimani wa serikali ili wajue wameambiwa nini.

Jina la Mtume katika barua za namna hii lina herufi nne tu: mim, ha, mim, dal. Irabu haziandikwi. Mwandishi wa Quissanga, wa Unguja na wa Muscat wote huweka herufi hizo nne, kisha kila mmoja akalisoma kwa kinywa chake. Aliyetamka Muhammad kwa kukaza mim ya pili na aliyetamka Momadi kwa kuachia walikuwa sawa mbele ya karatasi. Hati ya Kiarabu ilificha lafudhi za watu.

Herufi za Kilatini hazina sitara hiyo. Zinataka irabu, na irabu zinatoka mdomoni.

Zamu ya herufi hizo ilifika kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 19. Februari 1887 Wareno waliipiga mizinga Ghuba ya Tungi, ilipo Palma ya leo, wakaiondoa mikononi mwa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1891 Lisbon ikatoa hati kwa kampuni ya kibiashara, Companhia do Niassa, kutawala ardhi yote kati ya Ruvuma na Lúrio. Kampuni hiyo, iliyoanzia Ibo kabla ya kuhamia Porto Amélia, yaani Pemba ya leo, iliishi kwa kodi ya kibanda na kazi za shuruti mpaka mkataba wake ulipokwisha mwaka 1929. Kodi inataka daftari, na daftari linataka jina. Chini ya sheria za Indigenato, zilizofutwa mwaka 1961, kila mwanamume Mwafrika aliyehesabiwa “mwenyeji” alipaswa kuwa na kijitabu chake cha kutembelea. Bila kijitabu, sipai, yaani askari wa utawala, alikukamata.

Kwa hiyo watu wengi waliandikwa kwa Kilatini kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama mbele ya meza ya kodi. Wao walitaja, karani akaandika alichosikia. Alisikia nini? Hapo ndipo majina yenyewe yanapotoa ushahidi.

Kireno hakitamki h mwanzoni mwa neno, basi Hasani akawa Assane, Hamisi akawa Amisse, Huseni akawa Ussene. Herufi s ikikaa peke yake kati ya irabu mbili husomwa z. Karani aliyeogopa kumgeuza Musa kuwa “Muza” alizidisha s, akapata Mussa, na kwa njia hiyo hiyo Issa. Sauti ya sh ilichukua ch au x: Rashidi ni Rachide, Shabani ni Chabane, Sharifu ni Xarifo. Mageuzi ya tahajia ya mwaka 1911 yalikuwa yameziondoa k, w na y katika maneno ya kawaida ya Kireno, hivyo Bakari akawa Bacar, Kasimu akawa Cassimo, Yakubu akawa Iacubo. Ni mazoea hayo hayo ya kuikwepa k yaliyokipa Kisanga tahajia ya Quissanga, Kirimba ikawa Quirimba, na Makaloe ikapata c yake.

Tazama sasa miisho. Katika Kireno cha Ureno, o isiyo na mkazo mwishoni mwa neno husikika kama u, na e hufifia ikakaribia i. Ukilisoma Ibraimo kwa Kireno hicho, unasikia Ibraimu. Cassimo ni Kasimu, Issufo ni Isufu, Zainabo ni Zainabu, Rachide ni Rashidi. Irabu hizo za mwisho hazimo katika Kiarabu, ambako majina haya huishia kwa konsonanti, wala Lisbon haikuziagiza. Ni zile zile ambazo Waswahili na jirani zao huweka mwishoni mwa neno geni ili likae vizuri mdomoni. Karani alileta herufi. Sauti aliikuta pwani.

Momade ni hivyo hivyo: Momadi, kwa tahajia ya Kireno. Kama mtawala angetaka kutafsiri, alikuwa na maneno yake tayari. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walimwita Mtume Mafamede, na Kireno cha leo humwita Maomé. Hakuna mvuvi wa Kirimba aliyeandikwa Maomé katika daftari la kodi. Guinea-Bissau, koloni jingine la Ureno, jina hilo hilo ni Mamadu, kwa kuwa Wafula na Wamandinka hulitamka hivyo. Jirani yao wa Senegali hutamka vivyo hivyo na kuandika Mamadou kwa Kifaransa. Mkoloni mmoja aliacha Momade upande huu wa Afrika na Mamadu upande ule, kwa sababu vinywa vilikuwa viwili.

Majina ya wanawake yalipita njia hiyo hiyo, ila moja halikuguswa. Hadija akawa Atija, Habiba akawa Abiba, Halima akawa Alima, Hawa akawa Awa. Lakini Fatima alipofika mezani, karani hakuwa na la kuuliza. Katika kijiji cha Ureno kiitwacho Fátima, mwaka 1917, watoto watatu wachungaji walisema wamemwona Bikira Maria, na jina la kijiji, lililobaki tangu enzi za Waarabu wa Andalusia, likawa jina pendwa la Wakatoliki. Binti wa Mtume na Mama wa Fátima wakakutana katika tahajia moja. Msichana wa Kiislamu wa Ibo aliingia darasani na jina lake kamili, alama ya mkazo juu.

Kaka yake hakuwa na bahati hiyo. Mkataba wa mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani uliweka elimu ya watoto wa Kiafrika mikononi mwa misheni za Kikatoliki, na kwa familia nyingi za Kiislamu shule ilikuja pamoja na ubatizo au jina la Kireno. Wengine waliwapeleka watoto chuoni kwa mwalimu wa Kurani, wakaishia hapo. Wengine walikubali majina mawili: moja la shule na moja la nyumbani. Ndiyo maana huku si ajabu kumkuta mtu mwenye jina la kwanza la mtakatifu na la mwisho la Momade, Amade au Saíde. Mtoto aliwekwa chini ya Kireno, baba akabaki Mswahili.

Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, majina haya yalitoka kwenye madaftari ya kodi yakaingia magazetini. Waziri wa sheria wa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 aliitwa José Ibraimo Abudo: José wa Kikatoliki, Ibrahimu na Abdu wa pwani, wote katika mtu mmoja. Meya wa Nampula aliyeuawa kwa risasi tarehe 4 Oktoba 2017 alikuwa Mahamudo Amurane. Katika mkoa wa Cabo Delgado, kwenye visiwa hivi vya Kirimba, Amade Abubacar, mwandishi wa redio ya jamii ya Macomia, alikamatwa Januari 2019 akiwahoji watu waliokimbia vita, akakaa ndani zaidi ya miezi mitatu. Mwenzake wa redio ya jamii ya Palma, Ibraimo Mbaruco, alitoweka tarehe 7 Aprili 2020. Ukiyaandika kwa tahajia ya Tanzania, Ahmadi Abubakari na Ibrahimu Mbaruku, unapata majina ambayo yangejaa katika darasa lolote la Mikindani au Kilwa Kivinje.

Momade mashuhuri kuliko wote ni Ossufo Momade, aliyezaliwa Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1961, mji ule ule wa Musa bin Biki. Januari 2019 alichaguliwa kuongoza chama cha Renamo baada ya kifo cha Afonso Dhlakama, na tarehe 6 Agosti mwaka huo alitia saini mkataba wa amani wa Maputo na Rais Filipe Nyusi. Oktoba 2019 jina lake lilikuwa kwenye karatasi za kura za nchi nzima, na akapata karibu asilimia 22 ya kura za urais. Mswahili wa Tanga angemwita Yusufu Mohamedi na kuendelea na shughuli zake.

Vita vya Cabo Delgado, vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, vimelirudisha suala la majina mezani kwa namna nyingine. Idadi ya waliokimbia makazi ilipanda hadi kufikia kama milioni moja mwaka 2022, wakiwamo watu wa visiwani waliofika Pemba kwa majahazi yaliyojaa pomoni. Nyumba zilipochomwa, bilhete, yaani vitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa viliungua nazo. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji wamekuwa wakiwasaidia kupata hati upya, na hati mpya inarudisha swali la karani wa kale: jina lako nani, na linaandikwaje? Momade, Mamade, Mohamade na Mahomed yanaweza kuwa jina moja kwa shangazi na majina manne kwa benki. Ndugu wa tumbo moja walioandikishwa miaka tofauti hujikuta na baba wa tahajia mbili.

Wakati huo huo, k na y zimerudi. Mkataba wa Tahajia wa Kireno wa mwaka 1990 uliziingiza tena katika alfabeti, na vijana waliosoma dini Sudan, Misri na Saudia wamerudi na mazoea ya kuandika majina kwa kufuata Kiarabu. Televisheni nazo humtangaza mwanasoka Mohamed Salah, wala si Momade Salah. Mzazi wa leo anayetaka kumwita mwanawe kwa jina la Mtume ana tahajia kadhaa za kuchagua, jambo ambalo babu yake mbele ya meza ya kodi hakuwa nalo. Akichagua Muhammad, Momade haliondoki: kwa desturi ya huku, jina la baba au babu husogea mwishoni na kuwa jina la ukoo. Mtoto huyo ataandikwa Muhammad Momade, jina lile lile mara mbili, la kwanza kwa tahajia ya msahafu na la pili kwa ile ya daftari la kodi.