Umeme wa Ng'ambo, Mita ya Kwetu

Hapa Songambele, wilayani Kyerwa, hakuna aliyewahi kuhama kampuni ya umeme. Kampuni ni moja, TANESCO, na usiyeipenda unarudi kwenye koroboi. Nasikia Uingereza mteja huchagua muuzaji kama achaguavyo laini ya simu, na kwamba mita janja zao za kizazi cha kwanza nyingi zilipoteza ujanja pale mteja alipohama kampuni. Zikabaki kusomwa kwa macho kama za zamani. Kwetu mambo yamekwenda kinyume. Mteja hakuhama, umeme wenyewe ndio uliohamahama, na mita ikaendelea kuhesabu bila kuuliza unatoka wapi.

Nauza umeme wa LUKU dukani, kando ya sabuni na chumvi, kwa hiyo historia hii naijua kutoka upande wa kaunta.

Kwa sisi wa Kyerwa umeme ulianza kama jirani asiyetusalimu. Ukisimama Murongo unaiona Kikagati ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Uganda. Enzi za Waingereza palikuwa na mtambo mdogo wa maji hapo, uliojengwa kwa ajili ya machimbo ya bati. Bati lilichimbwa pande zote mbili za mto, lakini nyumba za wakulima wa kahawa na migomba ziliendelea kulala gizani. Vita vya Kagera vikauvunja mtambo ule mwaka 1979. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla mtambo mpya wa megawati 14 haujasimama mahali palepale. Umeme wake hugawanywa kati ya nchi mbili, jambo la haki kabisa, maana mto wenyewe ndio mpaka.

Katikati hapo, mkoa wetu wa Kagera uliwashwa na Uganda. Miaka ya 1990 ilijengwa laini ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi Kyaka, na kutoka Kyaka nguzo zikasambaa. Maji yaliyokuwa yakizungusha mitambo ya Jinja, kwenye bwawa lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls na sasa huitwa Nalubaale, ndiyo yaliyokuwa yakichemsha chai Bukoba. Jinja wakikohoa, Kagera tunaugua. Gridi ya taifa tulikuwa tukiisikia redioni tu, na mradi wa laini ya kilovolti 220 kutoka Benaco hadi Kyaka ndio uliokusudiwa kutuunganisha nayo. Huko kusini mwa mkoa, Rusumo, megawati 80 zinagawanywa kati yetu, Rwanda na Burundi. Hesabu wauzaji wote hao, kisha niambie kama kuna mteja wa Songambele aliyepelekewa hata barua.

Mita ndiyo iliyombadilisha mtu. Zamani msoma mita alipita, akaandika, bili ikafuata, na deni likawa jambo la kujadiliana. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, iliingia nchini miaka hiyohiyo ya 1990 na kumaliza mjadala: pesa kwanza, mwanga baadaye. Wengi wa huku hatukuijua mita ya bili kabisa. Sheria ya nishati vijijini ilipitishwa mwaka 2005, wakala wake, REA, ukaanza kazi mwaka 2007, na nguzo zilipofika vijijini mtu aliunganishwa kwa shilingi 27,000. Nyumba ya vyumba viwili isiyo na wayaringi iliweza kufungiwa UMETA, kile kiboksi chenye swichi na soketi zake. Bibi mmoja jirani yangu alikifuta vumbi kila asubuhi kama picha ya ukutani.

Tangu mwaka 2016 malipo ya huduma ya kila mwezi yalifutwa kwa wateja wa kawaida, na hapo ndipo mteja mdogo alipopumua. Asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, ambayo ukiongeza VAT na makato ya REA na ya mdhibiti, EWURA, inakuwa 122. Akizidi, uniti za ziada ni 350 kabla ya kodi. Mpaka huo wa 75 watu wa huku wanaujua kwa sababu moja: senene, wale panzi wa kuliwa wanaofuata taa. Msimu wa senene unapoingia, mtu hutundika taa kubwa ya wati 400, akapanga mabati na madumu, akakesha. Saa kumi za usiku mmoja ni uniti nne. Kesha usiku ishirini, umeshafika 80 hata kabla ya redio na pasi. Kila mwaka nawaonya, na kila mwaka wananijibu kwamba debe la senene linalipa. Huenda wana haki.

Ugomvi mkubwa kaunta ulikuja Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilikatwa 1,000 kwa mwezi, baadaye 1,500. Mwezi ukianza, mtu wa elfu mbili anabaki na mia tano, uniti nne tu, na lawama zote ni za wakala. Na mpangaji anailipia nyumba isiyo yake, hilo mimi sijaacha kuliona kuwa kasoro.

Kisha ukaja mwaka 2024. Mfumo wa tokeni tunaoutumia, uliozaliwa Afrika Kusini, ulikuwa ukihesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi yake ya kuhesabia hujaa dakika 16,777,216. Zilikuwa zinajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuboreshwa kabla ya siku hiyo isingekubali tokeni mpya. Mteja alipewa mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadili ufunguo wa mita, la tatu la uniti zenyewe. Wengi waliruka moja kwa moja kwenye la tatu, maana ndilo lenye umeme, na mita ikawakataa. Siku za mwisho ziliangukia msimu wa senene, kwa hiyo dukani nilikuwa na foleni ya watu wenye haraka na vikaratasi vyenye tarakimu sitini. Mzee mmoja akaniambia, «Mwanangu, hata kitabu cha benki hakina namba hizi.» Nikamwingizia mimi mwenyewe.

Ng'ambo ya mto nako, mwaka uliofuata, kampuni ya Umeme ilimaliza mkataba wake wa miaka 20 tarehe 31 Machi, na UEDCL ya serikali ikashika usambazaji. Mita zao za Yaka, ndugu wa LUKU yetu, zikabaki ukutani zilipokuwa.

Sasa TANESCO limeanza kufunga mita janja, ambazo uniti huingia zenyewe bila kubonyeza namba. Mimi nitapoteza ujira wa kuwaingizia wazee tokeni, ambao hata hivyo haukuwa zaidi ya ndizi na shukrani. Nawaomba tu wanunuzi wangu jambo moja: siku fundi akija kung'oa mita ya zamani, asome uniti zilizobaki mbele yako, aziandike na kusaini, kabla hajapanda ngazi.