Kabla Ushushe Sabfremu, Jua Injini Inakalia Nini

Wasee, juzi nimempata binamu yangu amelala chini ya gari hapo nyuma ya nyumba, anafungua bolti za sabfremu ya mbele. Injini ameishikilia na jeki moja tu, chini ya sampu. Nilimtoa hapo mbio.

Cheki historia. Kwa Ford Model T ya 1908, injini ilifungwa kwa chasi, basi. Halafu 1956, mgogoro wa Suez ukafanya petroli iadimike Uingereza. Kampuni ya BMC ikataka gari ndogo isiyokula mafuta. 1959 Alec Issigonis akaleta Mini: injini imekingamishwa, inakalia sabfremu ya mbele. Wengi wakafuata njia hiyo ya kukingamisha injini.

Ndio maana leo, kwa gari nyingi, ukishusha sabfremu unaondoa kitu kinachosaidia kubeba injini. Kwanza ining'inize kutoka juu: chuma kinene kilale kutoka upande mmoja wa bodi hadi mwingine, mnyororo ushike vishikio vya kuinulia injini. Gari nayo ikae kwa stendi, si jeki. Sampu ni ya kushika oili, haikuundwa kubeba injini.

Chuo niliacha, lakini hii siachi kusema: magari tuliuziwa, somo la kuyafungua salama hatukupewa. Tufundishane.