Nani anampima mpimaji? Historia fupi ya gredi za vitabu vya katuni

Nimekuwa kimya kidogo, kazi ya kuandikia watu programu imenila muda wote. Leo naweka programu kando niwasimulie jambo ambalo mwanzoni niliona ni wazimu wa Wamarekani tu. Lakini kadiri nilivyosoma historia yake, ndivyo nilivyoona linatuhusu sisi tunaojenga mifumo ya tarakilishi.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu ana kitabu cha katuni cha zamani, tuseme cha Superman au Spider-Man. Anakipeleka kwa fundi kipigwe pasi. Naam, pasi, kama shati! Kisha anakituma kwa kampuni ambayo inakikagua, inakipa gredi kati ya 0.5 na 10, inakifungia ndani ya kasha gumu la plastiki na kumrudishia. Tangu siku hiyo kitabu hakifunguliwi tena. Ukitaka kukisoma sharti uvunje kasha, na ukilivunja, gredi imekwenda na maji. Ajabu ni kwamba kitabu hicho kisichosomeka huuzwa ghali kuliko mwenzake anayesomeka. Kwa nini?

Tuanze na karatasi. Kitabu cha kwanza cha Superman, Action Comics namba 1, kilitoka mwaka 1938 na kiliuzwa senti 10. Kilichapwa kwenye karatasi hafifu kama ya magazeti, yenye asidi ndani yake, ambayo hugeuka manjano na kukatikakatika kadiri miaka inavyopita. Watoto walivisoma vitabu hivyo, wakabadilishana, wakavikunja na kuvitia mfukoni. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, Wamarekani walihimizwa kutoa karatasi kuukuu zisagwe na kutumika tena, na vitabu vingi vya katuni viliishia huko. Leo inakadiriwa kuwa nakala za Action Comics namba 1 zilizobaki duniani ni kama 100 hivi. Wakati huohuo watoto waliovisoma walikua, wakapata mishahara, wakaanza kuvitafuta upya.

Mwaka 1970 Robert Overstreet alichapisha orodha ya bei za vitabu vya katuni, na orodha hiyo ikawa kama msahafu wa wakusanyaji. Bei ilitegemea hali ya kitabu, na hali ilitajwa kwa maneno. Hapa pana kichekesho. Ukiyageuza maneno hayo kuwa namba zinazotumika sasa, kitabu kinachoitwa "Kizuri" ni 2.0 kati ya 10. "Kizuri Sana" ni 4.0! Ili ufike 9.4 lazima kiitwe "Karibu Kipya". Kwa hiyo muuzaji angeweza kukwambia kitabu chake ni kizuri sana, asiwe amesema uongo hata chembe, nawe ukakipokea kikiwa kimechoka kama noti ya matatu.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba aliyekuwa akitoa gredi ni muuzaji mwenyewe. Zamani haikudhuru sana, maana mlikutana dukani au kwenye maonyesho, ukakishika kitabu, ukahesabu kurasa, ukakagua mgongo na pini zake. Kisha mwaka 1995 ikaja eBay. Ghafla mtu wa Texas ananunua kitabu kwa mtu wa New York ambaye hajawahi kumwona, kwa kutazama picha moja yenye ukungu na maneno "Karibu Kipya". Mimi mwenyewe niliwahi kununua tarakilishi iliyotumika mtandaoni, muuzaji akaandika "kama mpya". Ilipofika, bawaba ya skrini ilikuwa imeshikiliwa na gundi! Nilipomlalamikia alinijibu kwamba kwake yeye hiyo ni kama mpya. Ningemshtaki kwa lipi?

Mwanauchumi George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970, mwaka uleule wa orodha ya Overstreet, katika makala kuhusu magari yaliyotumika. Alisema hivi: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, atakubali kulipa bei ya katikati tu. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo anaondoka sokoni. Wanaobaki ni wenye mabovu, bei inashuka tena, na mwisho soko linajaa mikweche. Makala hiyo ilichangia kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Watu wa sarafu za kale walikuwa wameshapata dawa. Kampuni ya PCGS ilianza mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, zikipima sarafu na kuzifungia kwenye plastiki. Mwaka 2000 kampuni dada ya NGC, inayoitwa CGC, ikaleta utaratibu huo kwenye vitabu vya katuni. Wapimaji wake hawauzi wala hawanunui vitabu hivyo. Wanahesabu kurasa, wanatafuta kama kuna mahali palipogundishwa, palipopakwa rangi au kingo zilizokatwa, wanatoa gredi, kisha kasha linafungwa. Juu ya kasha kuna lebo yenye namba ya pekee. Ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti yao unaona ni kitabu gani na kilipata gredi gani. Wanayo pia hesabu ya wazi inayoonyesha ni nakala ngapi za kila kitabu zimepimwa na zikapata nini.

Wenzangu wa programu mmeshaona ninakoelekea. Hiki ni cheti cha dijitali! Unapofungua tovuti ya benki, kivinjari hakiijui benki yako. Kinamjua mtu wa tatu aliyetia saini cheti chake, na kwa kuwa kinamwamini huyo, kinaiamini na benki. Kasha la plastiki ni kazi ileile kwa karatasi. Wageni wawili wasiojuana wanafanya biashara kwa sababu wote wanamwamini mmoja aliyesimama katikati.

Na ilifanya kazi kupita kiasi. Februari 2010 nakala ya Action Comics namba 1 yenye gredi ya 8.0 iliuzwa dola milioni 1. Mwezi uliofuata nakala nyingine ya kitabu hichohicho, yenye 8.5, ikauzwa dola milioni 1.5. Novemba 2011 nakala ya 9.0, iliyokuwa ya mwigizaji Nicolas Cage, ilivuka dola milioni 2.1. Aprili 2024 nakala ya 8.5 ilifika dola milioni 6. Hebu tazama hizo mbili za mwanzo: nusu alama, nusu milioni ya dola. Hadithi ni ileile, michoro ni ileile. Tofauti ni mikunjo michache ambayo mimi na wewe tungehitaji miwani kuiona.

Sasa nusu alama ikiwa na bei, lazima atatokea mtu wa kuuza nusu alama. Ndipo pasi inapoingia. Kitabu hupewa unyevu kidogo, kikawekwa kwenye mashine yenye joto na shinikizo, kikaachwa kipoe kikiwa kimebanwa. Mkunjo ambao haujavunja wino unanyooka. Mpasuko, doa la kutu na mkunjo uliokwisha kung'oa rangi havitoki kwa pasi. Lakini kitabu kilichopindwa tu kinaweza kupanda gredi.

Je, huo si udanganyifu? Wakusanyaji waligombana kweli juu ya swali hili, hasa katikati ya miaka ya 2000. Kitabu kilichopakwa rangi au kugundishwa hupewa na CGC lebo ya zambarau, na bei yake huanguka. Kilichopigwa pasi hupata lebo ya buluu, sawa na ambacho hakijaguswa. Watetezi walisema pasi haiongezi kitu wala haiondoi kitu, ni kunyoosha tu. Wapinzani walisema mnunuzi ana haki ya kujua. Tena pasi iliyopigwa vizuri ni vigumu mno kuitambua, na huwezi kukataza kitu usichoweza kukiona.

Kisha mwaka 2012 kampuni mama ya CGC ikainunua Classics Incorporated, waliokuwa mafundi maarufu wa pasi na ukarabati. Yaani nyumba moja, mlango huu unapiga pasi, mlango ule unatoa gredi. Wao wanasema idara hizo mbili zimetenganishwa. Sawa, lakini fikiria mwalimu wako wa tuisheni ndiye mwajiriwa wa ofisi inayosahihisha mtihani wa taifa. Huenda ni mwadilifu kabisa, lakini wazazi watalala usingizi? Wahenga walituonya kuhusu kesi ya ngedere kumpa nyani. Na pesa zilizidi kukua: mwaka 2021 wawekezaji wa Blackstone walinunua sehemu kubwa ya kampuni hiyo mama, ikikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 500.

Kisa cha mwisho ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Kasha likipasuka au kuchubuka, mteja anaweza kulirudisha kwa kampuni apewe jipya, gredi ikibaki ileile. Kitabu hakipimwi upya, maana kilishapimwa. Mwishoni mwa 2023 wakusanyaji waligundua kuwa kuna mtu aliyeigeuza huruma hiyo kuwa mtaji. Alifungua makasha kwa ujanja, akatoa kitabu cha gredi ya juu, akaingiza cha gredi ya chini, kisha akaomba kasha jipya. Kampuni yenyewe ikamfungia kitabu dhaifu ndani ya plastiki safi yenye namba kubwa! Januari 2024 CGC ilitoa orodha ndefu ya namba za makasha yanayoshukiwa.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, halafu nikafungua kazi yangu kwa wasiwasi. Kosa hili nimeliandika mwenyewe mara nyingi. Mlango wa mbele una walinzi watatu. Mlango wa nyuma, ule wa "huyu tulishamhakiki", hauna hata mmoja. Mfumo uliamini lebo badala ya kukiangalia kilichomo.

Basi nimejifunza nini? Kwamba kasha halikuondoa haja ya kuaminiana. Lilihamisha tu imani kutoka kwa muuzaji hadi kwa mpimaji. Hiyo ni faida kubwa, kwa sababu mpimaji mmoja ni rahisi kumkagua kuliko wauzaji elfu kumi. Lakini ni faida pale tu tunapomkagua kweli. Mimi bado ningelinunua kasha kabla ya kununua "kama mpya" nyingine, gundi ile imenifunza. Ila ningetazama kilicho ndani kabla ya kutazama namba, na ningeuliza ni nani mwingine anayelipwa na huyo aliyeiandika.

Na wewe msomaji, katika mfumo unaoujenga au unaoutegemea kila siku, nani anampima mpimaji? Tafakari, tutaonana tena. Kwaherini.