Mpiga Sinema wa Korem

Huko Tabaka, si mbali na Nyamarambe katika nchi ya Wakisii, mafundi huchonga mawe laini, na fundi hodari hulitazama jiwe lake kitambo kabla ya kulitia panga. Mpiga picha za sinema naye hutazama na kuchagua, ila jiwe lake halitulii: hukimbia, hulia, huanguka, na likiisha kupita halirudi. Katika kazi hiyo sidhani kama Kenya imepata kutoa mtu aliyevuma duniani kuliko Mohamed Amin.

Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na kamera yake ya kwanza ilikuwa kuukuu. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalimkuta tayari kazini. Lakini mwaka 1966 wakubwa wa kisiwa hicho walichukizwa na picha zake, wakamtia gerezani karibu mwezi mmoja. Baadaye akahamia Nairobi. Tom Mboya alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, Amin alikuwapo upesi, na picha alizopiga siku ile zilimpatia tuzo huko Uingereza.

Hata hivyo jina lake limefungamana na mahali pamoja: Korem, katika milima ya kaskazini ya Ethiopia. Alifika huko Oktoba 1984 pamoja na Michael Buerk wa BBC. Maelfu ya watu walikuwa wamelala uwandani katika baridi, na kila kulipokucha walihesabiwa waliokufa usiku. Amin hakuikimbiza kamera. Aliipitisha polepole, uso kwa uso, hata mtazamaji asipate pa kugeuzia macho. Picha hizo zilionyeshwa London tarehe 23 Oktoba, kisha zikaenea katika vituo vya televisheni vya nchi nyingi. Bob Geldof aliziona, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika maonyesho makubwa ya muziki huko London na Philadelphia ili kukusanya fedha za chakula.

Lakini tusiisifu kamera kupita kiasi. Iliionyesha njaa waziwazi. Vita haikuionyesha kwa kiasi hicho. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na waasi wa Tigray na Eritrea, na Septemba ile ile ilikuwa imesherehekea kwa fahari kubwa miaka kumi ya utawala wake. Watazamaji wengi wa mbali walidhani kosa lilikuwa la mvua peke yake.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake mnasa sauti, John Mathai, akafa, na Amin akakatika mkono wa kushoto. Alifanyiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikienda Nairobi. Watu watatu waliiteka angani, mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na Komoro. Watu 125 walikufa, naye miongoni mwao, akiwa na umri wa miaka 53.