Mwagizaji bidhaa asihadaiwe na nauli ya chini ya meli

MFANYABIASHARA wa Nairobi anayeagiza mifuko ya shule kutoka Yiwu, mji wa mashariki mwa Uchina uliovuma kwa bidhaa ndogondogo, aghalabu huletewa bei mbili za kusafirisha kontena lake kutoka bandari ya Ningbo hadi Mombasa. Ya kwanza ni ya meli ijayo moja kwa moja. Ya pili iko chini kwa dola mia kadhaa, ila shehena huteremshwa katika bandari ya kati na kungojea meli nyingine. Wengi huteua ya pili pasipo kuuliza zaidi. Shule zinapofunguliwa Januari, mifuko ingali Colombo au Salalah, na mkopo wa benki unazidi kuzaa riba.

Kosa si kupenda bei nafuu. Kosa ni kulinganisha nauli ya bahari pekee, ilhali nauli hiyo ni sehemu moja tu ya gharama ya kuufikisha mzigo dukani.

Safari ya moja kwa moja kutoka bandari za Uchina hadi Mombasa huchukua takriban majuma matatu hadi manne. Meli hushuka Bahari ya Kusini ya Uchina, ikapita Mlango wa Malaka kando ya Singapore, kisha ikavuka Bahari ya Hindi. Shehena inayobadilishiwa meli njiani, iwe ni Port Klang nchini Malaysia, Colombo nchini Sri Lanka, Salalah nchini Oman au Jebel Ali huko Dubai, yaweza kuongeza majuma mawili au zaidi. Hatari kubwa si umbali bali ni makutano yenyewe. Meli ya kwanza ikichelewa siku mbili, ya pili haiingoji. Kontena husalia gatini hadi meli ifuatayo, na hiyo nayo ikiwa imejaa, husubiri tena.

Bandari hizo za kati pia hazilingani. Salalah iko wazi kwenye Bahari ya Arabu, ilhali Jebel Ali iko ndani ya Ghuba na meli haiwezi kuifikia bila kupita Mlango wa Hormuz. Anayejua ramani huuliza jina la bandari ya kati kabla ya kutia saini.

Ramani hiyo ingewaondolea wengi hofu mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalipoanza Novemba 2023. Baadhi ya waagizaji walidhani kila kontena lao lingezungushwa Rasi ya Tumaini Jema. La hasha. Mzigo wa Uchina uendao Mombasa haupiti Bab el-Mandeb wala Mfereji wa Suez. Walioathirika moja kwa moja ni waagizaji wa mitambo ya Ujerumani, vigae vya Uhispania au nguo za Uturuki, ambao meli zao zilipozunguka Afrika zilichelewa kwa siku 10 hadi 14, pengine zaidi. Hata hivyo, mwagizaji wa Uchina hakusalimika kabisa. Meli zinapotumia muda mrefu zaidi baharini, nafasi hupungua kote ulimwenguni, na nauli hupanda hata katika njia ambazo hazijaguswa na vita.

Kupanda huko humgusa Mkenya mara mbili. Forodha ya Afrika Mashariki hutoza ushuru kwa bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandarini. Kwa bidhaa inayotozwa ushuru wa asilimia 25, nyongeza ya nauli ya dola 1,000 huleta ushuru wa dola 250, kisha kodi ya VAT ya asilimia 16 juu ya 1,250, yaani dola 200. Nyongeza ya 1,000 imekuwa 1,450 kabla ya tozo nyinginezo. Haki yataka tukiri kwamba hesabu hii inampa hoja mpenzi wa nauli ya chini, kwani anachookoa nacho huongezeka vivyo hivyo. Kwa bidhaa zisizo na msimu, kama vigae au sufuria, njia ya kubadilisha meli yaweza kuwa uamuzi wa busara. Kwa mifuko ya shule, sivyo.

Bandari ya kupakilia nayo huamuliwa na mahali kilipo kiwanda. Bidhaa za Yiwu hupitia Ningbo au Shanghai. Fanicha na vigae vya Foshan hupitia Nansha au bandari za Shenzhen, ikiwamo Yantian. Kusafirisha mzigo kwa lori hadi bandari ya mbali kwa kuwa nauli ya meli huko iko chini ni kuokota senti na kuangusha shilingi. Lakini ni vyema kujua bandari mbadala. Mnamo 2021 shughuli za Yantian zilikwama kwa majuma kadhaa kutokana na korona, na Agosti mwaka uo huo kituo cha Meishan huko Ningbo kilifungwa kwa takriban majuma mawili kwa sababu ya mfanyakazi mmoja kuambukizwa.

Upande wa kufikia, Mombasa haina mshindani wa dhati kwa mzigo wa Nairobi. Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ina kina kirefu cha maji lakini haina reli ya kuifikia. Hali ni tofauti kwa mwenye duka Kigali. Umbali wa barabara kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,500, na kutoka Mombasa ni karibu 1,700, tena kwa kuvuka Uganda. Ndiyo maana shehena nyingi ya Rwanda hupitia Dar. Mwenye duka Kampala huegemea Mombasa.

Mwagizaji wa Nairobi hana budi pia kuamua mzigo umalizie safari wapi. Agizo la 2019 la kulazimisha makontena kupanda reli ya SGR hadi bandari kavu ya Embakasi lilizua maandamano Mombasa, na Septemba 2022 Rais William Ruto akatangaza kurejeshwa kwa shughuli za kuondoa mizigo katika bandari hiyo. Chaguo la reli au lori linapokuwa mikononi mwake, aulize jambo ambalo wengi husahau: kontena tupu litarudishwa wapi? Kampuni ya meli hutoa siku kadhaa bila malipo, kisha hutoza faini ya kila siku hadi lirejeshwe. Faini hiyo ni tofauti na ada ya bandari ya kuhifadhi mzigo, na zote mbili zaweza kwenda sambamba. Dola mia kadhaa zilizookolewa Ningbo humezwa kwa muda mfupi.

Kuhusu bima, tangu Januari 2017 serikali imewataka waagizaji kukata bima ya shehena kwa kampuni za humu nchini. Kwa hivyo anayenunua kwa masharti ya CIF, ambapo muuzaji hulipia nauli na bima ya huko kwake, huenda akalipia bima mara mbili. Masharti ya FOB humwachia mnunuzi uhuru wa kuchagua meli na njia. Asiyekata bima akumbuke Ever Given, meli yenye urefu wa mita 400 iliyokwama Suez kwa siku sita Machi 2021. Wenye shehena walitakiwa kuchangia gharama za kuinusuru, hata wale ambao mali yao haikuharibika.

Tumrejelee basi mwenye mifuko ya shule. Akitaka iwe dukani Desemba mosi, atenge majuma mawili ya forodha na safari ya hadi Nairobi, na majuma manne baharini. Meli ing'oe nanga katikati ya Oktoba. Lakini viwanda vya Uchina hufungwa kwa sikukuu ya taifa kuanzia Oktoba mosi kwa takriban juma zima, hivyo mzigo uwe umetoka kiwandani mwishoni mwa Septemba, ukiwa umekaguliwa na mawakala wa Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS. Kiwanda kikihitaji siku 45, oda iwekwe katikati ya Agosti. Akichagua meli ya kubadilisha njiani, iwekwe kabla ya Julai kwisha.